Futi Tano za Mzee Thuo

Jumatatu, 7 Machi 2005

Naanza kuandika kwa sababu bwana afya ameniambia niandike. "Mama, kila ofisi utakayoingia, weka tarehe na jina la mtu uliyeongea naye. Usitegemee kichwa." Basi nimechukua daftari la Karanja lililobaki na kurasa nyingi tupu, na kalamu ya Maitu ya kanisani. Maitu ni mama yake Karanja, mume wangu. Jina lake Waithera, lakini mimi humwita Maitu tangu nilipoolewa.

Bwana afya alikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa na watoto wanane chumbani, saba wa wenyewe na mmoja wangu. Aliinama kuingia, akasimama katikati, akatazama mabati ya juu yalivyotoboka.

"Usiku mnaona nyota?"

"Tunaziona, na hakuna anayetulipisha."

Alicheka, lakini mkono haukuacha kuandika. Kisha akanisomea barua polepole, kama mtu anayejua nimeishia kidato cha pili. Chumba cha mabati hakifai watoto wachanga. Kufikia tarehe thelathini Juni niwe na ramani ya chumba cha mawe iliyopigwa muhuri na ofisi ya ramani kule mjini, na msingi uwe umeanza kuchimbwa. La sivyo, niache kulea watoto wa watu.

Nikamuuliza hao watoto watakwenda wapi. Akasema hilo halijui, yeye anajua mapafu. Alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto wa Awiti, kile kinachopiga filimbi. Sikuweza kumkasirikia.

Jioni Awiti alipokuja kumchukua mwanawe nilimwonyesha barua. Awiti hufua nguo za watu mtaa wa Karen, hutoka hapa Kangemi kabla jua halijachomoza. Aliisoma mara mbili.

"Ukifunga, mimi namfungia ndani na kikombe cha uji. Sina dada, sina shosho."

Hakusema kwa kunitisha. Alisema tu, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Ramani nitaipata.

Ijumaa, 11 Machi

Karanja amerudi. Yeye huendesha lori la mawe, tunamwona Ijumaa hadi Jumapili. Nimempa barua kabla ya chakula, kosa langu.

"Mawe si yapo? Mchanga si upo? Tujenge tu. Hapa Kangemi umeona nani akiomba ruhusa?"

"Bwana afya hataki mawe, anataka muhuri."

"Muhuri unazuia mvua?"

"Unazuia tingatinga."

Akavuta sahani, akala. Baadaye nikamsikia akimwambia Maitu kwamba mke wake ameolewa na ofisi. Maitu akamjibu, "Angalau ofisi iko hapa Jumatatu."

Jumatatu, 14 Machi

Nimeenda Ngara kwa Mzee Jaswant, mchora ramani. Nilimwachia Maitu watoto. Nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa anafagia ngazi za jumba la ofisi yake, na mimi nilikaa ngazi ya tatu nikichora nyuma ya karatasi alizotupa mzee. Nilidhani amenisahau. Aliinua miwani.

"Wewe si ile mtoto ya ngazi ya tatu?"

"Ni mimi, Mzee. Naitwa Mwihaki."

"Umekuja chukua karatasi tena?"

Nikamwambia safari hii nataka ichorwe na yeye. Nikamweleza chumba: mlango mpana, madirisha mawili, kijibaraza ambapo watoto watalala mchana bila jua. Akaandika yote. Binti yake Harleen ndiye msanifu mwenye leseni, yeye ndiye hutia sahihi. Mzee huchora tu, lakini alisema "tu" huku akinyoosha mgongo.

Akataka nakala ya hati ya shamba, ambayo iko kwa jina la Maitu, na akasema atakuja mwenyewe kupima. "Karatasi inadanganya. Mguu haidanganyi."

Jumamosi, 19 Machi

Mzee Jaswant amekuja na kilemba cha buluu na utepe wa kupimia. Watoto walinyamaza wote kumtazama, hata yule wa mapafu. Mimi nilikuwa na uji jikoni, kwa hivyo Maitu ndiye aliyemtembeza mpakani. Nikiwa mlangoni niliwaona wakienda, Maitu mbele akielekeza kwa fimbo kama mwalimu, mzee nyuma akiandika.

Jirani yetu Mzee Thuo alisimama kwenye majani yake ya ng'ombe na mundu mkononi. Hakusalimia mtu. Huyo mzee ananitia baridi. Kila asubuhi nikianika nepi, nikipanda lile jiwe langu ili nifikie kamba, yeye husimama akinitazama kama kwamba nimemwanika yeye. Yapo mawe matatu pale uani, niliyakuta tu asubuhi moja mwaka ule nilioolewa. Karanja alisema hakuyaleta yeye. Lakini moja lina kimo kizuri kwa mtu mfupi kama mimi, basi nimelifanya langu.

Jumanne, 22 Machi

Mvua imeanza. Mabeseni manne.

Jumapili, 27 Machi. Pasaka.

Maua yangu yamefunguka, meupe yenye mistari ya waridi. Hutoka ardhini na mvua ya kwanza kama watu walioitwa. Nilipokuja hapa kama bi arusi niliyakuta yamejipanga ovyo katikati ya njia ya kuanikia nguo, nikayang'oa yale matatu, nikayapanda kule karibu na majani ya Mzee Thuo, penye udongo mzuri. Hayakufa hata moja. Mimi mtoto wa ghorofa, hayo yalikuwa maua yangu ya kwanza maishani.

Nilichuma moja nikamtia binti yangu kwenye nywele. Ana miaka miwili na nusu na amepewa jina la Maitu, kwa hivyo watu wote humwita Kashosho, yaani nyanya mdogo. Tulipokuwa tunaenda kanisani Mzee Thuo alitupita njiani. Aliona ua, akageuza uso.

"Amekuwaje huyu?" nikamuuliza Maitu.

"Alibadilika mwaka ule ule uliokuja wewe. Kabla ya hapo tulikuwa tunaazimana hata chumvi. Alipopata ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, akajiona."

Jumatatu, 4 Aprili

Nimepeleka ramani. Nakala tatu, zina harufu kali ya dawa ya kuchapia, karatasi ya buluu. Dirisha la tatu, jina lake Bwana Muli. Nimeandika kama nilivyoambiwa.

Kabla sijaikabidhi nilitafuta benchi nikaifungua. Chumba changu. Mlango umechorwa kama kipande cha chapati, kuonyesha unavyofunguka. Mzee Jaswant ameandika kwa herufi za kupendeza: CHUMBA CHA WATOTO. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akauliza kama ni shule. Nikasema bado.

Bwana Muli alihesabu karatasi, akagonga muhuri wa kupokea, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu.

Jumanne, 12 Aprili

Mvua. Nepi hazikauki.

Ijumaa, 15 Aprili

Leo maji yameingia kwa nguvu saa nane mchana. Bati moja la upande wa chini liliinuka kwa upepo, na mto mdogo ukapita katikati ya blanketi. Niliwapandisha watoto wote kitandani kwa Maitu, wanane kwa mstari kama viazi. Mtoto wa Awiti akaanza kukohoa ile ya kubweka. Nilimkimbiza kliniki nikiwa na kandambili mguu mmoja, nyingine imebaki kwenye matope.

Daktari akasema amewahiwa. Akauliza analala wapi mchana. Nikasema, kwangu.

Awiti alipofika nilidhani atanitukana. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Mwihaki, hiyo ramani iko wapi?" Nikamwambia iko dirisha la tatu.

Jumanne, 26 Aprili

Imerudishwa.

Bwana Muli hakuwa mkali. Aliweka mchoro wetu kando ya ramani ya mapimo ya shamba, akaweka rula.

"Mama, kipande chenu kina upana huu. Mchoro wako una upana huu. Umezidi kwa futi tano."

"Labda rula ya Mzee Jaswant..."

"Rula yake nimeipima. Chumba chake kiko sawa. Ni mpaka aliopimia ndio hauko sawa. Futi tano za chumba hiki ziko kwa jirani."

Akaniandikia juu ya karatasi: mpaka uthibitishwe, mchoro urekebishwe, jirani atie sahihi kukubali mpaka. Nikamuuliza jirani asipotaka. Akafunga kalamu.

"Basi hautakuwa mpaka, utakuwa kesi."

Nilimpitishia Maitu habari akiwa anachambua maharagwe. Aliacha. Sijawahi kuona mikono yake ikiacha kitu katikati.

"Ni Thuo. Amekwenda huko akasema maneno."

Na mimi nikaamini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, niliamini papo hapo, tena kwa furaha, kwa sababu sikuwa nimempata wa kulaumu.

Ijumaa, 29 Aprili

Karanja anataka kuanza kuchimba kesho. "Ramani ilienda, ikarudi, umejaribu, watu wote wameona umejaribu." Alikuwa ameshanoa jembe.

Nilikaa juu ya rundo la mchanga na Kashosho mapajani.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka muhuri."

Alizunguka mara mbili, kisha akaenda kutazama mpira kwa rafiki. Mchanga wa mvua ni baridi sana. Nilikaa saa nzima, hata baada ya yeye kuondoka, kwa sababu alikuwa akituma watu kuchungulia.

Jumanne, 3 Mei

Nimeenda kwa Mzee Thuo. Niliwalaza watoto kwanza, nikamwacha Maitu mlangoni akifuma, sikumwambia naenda wapi.

Alikuwa anakatakata majani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya adabu njiani, na yote yakaniishia kwenye lango lake.

"Mzee, sisi tumekukosea nini? Mimi nina watoto wanane wanalala kwenye maji. Wewe unaenda ofisini kutusemea futi tano."

Alikata majani mengine mawili matatu. Kisha akapanguza mundu kwenye suruali.

"Mke wa Karanja, mimi sijaingia mjini tangu Krismasi."

"Basi nani amewaambia?"

"Ramani imewaambia. Ramani haina urafiki." Akanitazama, mara ya kwanza ananitazama usoni na si kwenye miguu yangu juu ya jiwe. "Nenda umuulize mama yako matoka yalitembeaje."

"Matoka ni nini?"

Aliushusha mundu. Ng'ombe akasukuma kichwa langoni na yeye hakumwona.

"Muulize," akasema, kwa sauti nyingine.

Nilirudi nikamuuliza Maitu. Alishangaa, akasema kweli Ngara hawafundishi kitu. Akachukua fimbo akanipeleka uani kwenye mvua nyembamba, akanionyesha maua yangu.

"Hili ni itoka. Mengi ndiyo matoka. Wazee wetu hawakuwa na mawe ya serikali. Walipanda hili mpakani kwa sababu halifi. Ukilichoma linarudi, ng'ombe halili. Baba yake Karanja na Thuo waliyapanda haya pamoja, vijana, kabla hata sijaolewa. Ndiyo haya niliyomwonyesha yule Singh wa ramani." Akayagusa kwa fimbo, kwa upendo. "Na mtu haling'oi. Mwenye kuling'oa, hata wanawe hawaaminiwi."

Macho yake siku hizi yana ukungu. Anaona maua, haoni yalipo.

Nilitazama nyuma yetu. Yale mawe matatu. La kwanza, la pili, na la tatu ninalolipanda kila asubuhi. Yamepangwa ovyo, vilevile nilivyoyakuta maua. Mtu aliyaweka kwenye mashimo niliyoyaacha.

Nilisema baridi imeniingia, turudi ndani.

Jumatano, 4 Mei

Nimeanika nepi bila kupanda jiwe.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua. Sijaenda popote. Maitu anasema nimekonda, anadhani nina mimba.

Alhamisi, 12 Mei

Nimefikiri njia zote. Nikiyarudisha kimyakimya, Maitu atapigwa na habari kwa mtu mwingine. Nikinyamaza, Mzee Thuo hatatia sahihi kamwe, na ana haki. Nikisema, mimi ndiye mwenye kung'oa. Sikujua, lakini nani ataamini kwamba msichana wa Kikuyu hajui itoka? Watasema nilitumwa.

Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na mtoto wa mtu begani akicheua. Hicho ndicho Mzee Thuo alichoamini miaka mitatu. Kwamba Maitu alimtuma bi arusi mpya, ili asionekane yeye. Kwa hiyo akaacha kumsalimia. Na Maitu naye akadhani ni ng'ombe wa gredi. Watu wawili walioazimana chumvi, na katikati yao mimi, nimesimama juu ya jiwe naanika.

Awiti ameuliza zimebaki siku ngapi. Arobaini na tisa.

Jumamosi, 14 Mei

Nimesema.

Nilingoja watoto wachukuliwe wote. Karanja alikuwa mlangoni anavua viatu. Nilipiga magoti mbele ya Maitu, jambo ambalo huwa hatufanyi hapa, akadhani nimeangusha kitu akaanza kutafuta sakafuni pamoja nami.

"Maitu, matoka niliyahamisha mimi. Mwaka ule niliokuja. Nilidhani ni maua."

Hakusikia mara ya kwanza. Nikarudia. Karanja akasimama na kiatu kimoja.

"Ulidhani ni nini?" Maitu akauliza.

"Maua. Yalikuwa yananikwaza nikianika. Niliyapanga vizuri."

"Aliyapanga vizuri," Karanja akasema, kama mtu anayesoma gazeti.

"Nyamaza wewe, wiki mbili zilizopita ulitaka kujenga juu yake." Maitu aliniinua kwa kiwiko. Nilingoja. Aliketi, akashika fimbo kwa mikono miwili, na uso wake ukapita mambo mengi. Mwisho akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Miaka mitatu. Thuo amekaa miaka mitatu akijua mimi ni mwizi, na hakuniitia wazee."

Aliketi hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama sukari ipo ya kutosha kujaza kiondo.

Jumapili, 15 Mei

Baada ya kanisa tulikwenda, Maitu na mimi, na Karanja nyuma amebeba kiondo: sukari, majani chai, unga. Hatuendi kwa mtu mikono mitupu, na hasa siku kama hiyo.

Mzee Thuo alitufungulia lango. Maitu hakungoja kiti.

"Thuo, mimi sikumtuma."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Juzi aliponiuliza matoka ni nini." Akanitazama, na naapa alikuwa karibu kucheka. "Hakuna mtu anayeweza kuigiza ujinga kama ule."

Nilisema pole. Nilisema ni mimi, sikujua, na kwamba siombi sahihi leo, naomba kwanza kuyarudisha.

"Kwa nini hukunigombeza, Mzee? Siku ile ile?"

"Ulikuwa bi arusi. Na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Kwetu mwanamke mjamzito hapigiwi kelele mpakani." Akakuna shingo. "Halafu siku zikapita. Nikaweka mawe, nikasema Waithera akiyaona atakuja mwenyewe. Nikaona wewe unayapanda kila asubuhi. Nikasema, kumbe hawa watu wananidharau mpaka kwa miguu."

Maitu akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, ni kicheko cha msichana, kinaanzia puani. Mzee Thuo alijizuia, akajizuia, akashindwa. Karanja na mimi tulisimama na kiondo chetu kama wageni.

Tulipotoka Mzee akasema itoka halipandwi na mtu mmoja. Lazima pande zote mbili ziwepo, na watoto, kwa sababu wazee hufa na watoto hubaki wakikumbuka.

"Watoto ninao," nikasema. "Wanane."

Jumanne, 24 Mei

Mvua kidogo. Mtoto wa Awiti ametambaa.

Jumatano, 1 Juni. Madaraka.

Siku ya mapumziko, kwa hivyo akina mama walikuwepo, hata Awiti. Mzee Thuo alivaa koti. Mzee Jaswant alikuja toka Ngara na nakala ya ramani ya mapimo na utepe wake, akapima kutoka kwenye jiwe la serikali lililo barabarani. Alipofika kwenye yale mawe matatu, utepe uliangukia katikati ya la kwanza, ukaangukia katikati ya la pili. La tatu ulikosea kwa upana wa kidole.

"Mzee," akamwambia Thuo, "wewe ulipima na nini?"

"Na mashimo."

Nilichimba mimi mwenyewe. Niliyatoa matoka na udongo wake kama mtu anavyomtoa mtoto usingizini, nikayashika majani, Maitu akashika upande wa kushoto na Mzee Thuo upande wa kulia, yakaingia mahali pake, kandokando ya mawe. Mara tatu. Hakuna aliyesema sala ndefu.

Kisha Mzee Thuo akasema zamani watoto walivutwa masikio siku kama hiyo ili wasisahau walichokiona. Akainama akamvuta Kashosho sikio, polepole kabisa, kwa vidole viwili. Kashosho alimtazama, akafikiri, akapiga yowe. Wa pili akalia kwa sababu wa kwanza amelia, na wote wanane wakafuata.

"Wamekumbuka," Awiti akasema.

Mzee Thuo alitia sahihi juu ya goti lake. Anaandika jina lake lote, pamoja na la baba yake.

Jumatatu, 6 Juni

Ngara. Mzee Jaswant ameweka ile karatasi yake nyepesi mezani, akachukua wembe. Sikujua kwamba wino hukwanguliwa kwa wembe. Alikwangua ukuta wote wa upande wa Mzee Thuo, taratibu, akapuliza vumbi jeusi, na ukuta haukuwepo tena. Akachora mwingine ndani, futi tano huku.

"Baraza imekufa," akasema.

Nilikuwa najua. Hata hivyo niliutazama mstari ule kwa muda.

"Watalala wapi mchana?"

Alifikiri, akagonga meza. Akapanua dirisha la mashariki mpaka likawa karibu mlango. "Jua ya asubuhi inaingia, ya mchana haiingii. Wewe weka mkeka hapa." Akachora mkeka. Ramani za watu huwa hazina mkeka. Harleen alipokuja kutia sahihi aliuliza hicho ni kitu gani.

"Ni mkeka," mzee akasema. "Tia sahihi."

Alhamisi, 9 Juni

Dirisha la tatu. Bwana Muli aliweka rula, akaondoa rula. Akasoma sahihi ya jirani.

"Huyu ndiye ulisema hatakubali?"

"Nilimkosea, Bwana Muli. Hata kwa kufikiri."

Hakuelewa, lakini aligonga muhuri wa kupokea.

Ijumaa, 17 Juni

Hakuna jibu. Baridi imeingia, mvua inaisha. Karanja hajasema neno moja kuhusu kujenga. Amepanga mawe upya, yote mbali na mpaka.

Jumatano, 22 Juni

Hakuna jibu. Zimebaki siku nane. Nilikaa benchi toka asubuhi hadi dirisha likafungwa. Bwana Muli akaniambia niende nyumbani, mama, ramani haikui haraka kwa kutazamwa. Nikamwambia watoto wangu ndio wanaokua.

Jumanne, 28 Juni

Muhuri.

Ni wa duara, wino wa zambarau, umeenda upande kidogo na umekaa juu ya mkeka wangu. Bwana Muli aliomba radhi kwamba haukunyooka. Nilimwambia asiuguse.

Niliikunja mara moja tu, nikaitia ndani ya mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa shuka la kumbebea mtoto mgongoni, mahali pa Kashosho. Nilitembea hivyo kutoka mjini hadi Westlands kabla sijakumbuka kwamba nina nauli.

Alhamisi, 30 Juni

Karanja ameomba ruhusa ya siku mbili kazini. Tulianza kuchimba alfajiri ili bwana afya akija aone. Kuna kamba inayovutwa kuonyesha ukuta utapita wapi, na Karanja alikuwa na upande mmoja, akitafuta pa kufunga mwingine. Nilipoinua kichwa Mzee Thuo alikuwa ameshika.

"Vuta, binti," akaniambia. Si mke wa Karanja. Binti.

Nilivuta kamba ikakaza. Ilipita wima kando ya matoka, na nafasi ikabaki ya mtu kupita na karai.

Bwana afya alifika saa nne, kama mara ya kwanza. Aliifungua ramani, akaitazama, akatazama mtaro, akatazama Maitu na Mzee Thuo waliokaa kwenye mawe wakibishana kuhusu mwaka gani baba yake Karanja alipanda nini. Aliuliza mkeka ni wa nini. Nikamweleza. Akaandika "aendelee" kwenye barua yake, na tarehe. Mtoto wa Awiti alikuwa anavuta kamba ya kiatu cha bwana huyo.

Bwana afya alipoondoka, Mzee Thuo aliinuka akaenda uani. Aliyatoa yale mawe matatu moja moja, akiyaviringisha kwa mguu, maana mgongo haumruhusu. Akayafikisha kwenye mtaro.

"Haya hayana kazi tena. Yatie chini."

Mawili aliyashusha Karanja. La tatu, lile langu, niliomba nilishushe mwenyewe. Juu limelainika kwa nyayo zangu. Nililiweka pembeni, upande wa dirisha la mashariki, na Maitu akamwagia udongo wa kwanza kwa mkono.

Jioni jua lilitoka kidogo nikaanika nepi. Kamba iko juu mno. Nimeanika nikisimama kwa ncha za vidole vya miguu.